Kwa Fundi Kiprugut Taa Haifunikwi

Mchungaji, wazee wa boma, mama zetu, majirani wa hapa Keringet na nyinyi mliotoka Nakuru na sasa viatu vimejaa matope, poleni sana na asanteni kwa kutuvumilia, kwa maana ratiba ilisema saa nne na sasa ni saa sita kasoro, na naona kuna watu wameshaanza kununa. Sababu ya kuchelewa iko mwisho wa historia hii, na nawaomba msimlaumu mtu kabla hamjaisikia. Anayewasomea ni Muturi, kakake Wangeci, mjane wa marehemu, na familia imenichagua mimi ati kwa sababu marehemu alizoea kusema kwamba shemeji yake akianza kuongea injini hupoa.

Marehemu Hezekiah Kiprugut Kibii alizaliwa tarehe 14 Aprili 1963 hapa hapa Keringet, mtoto wa nne na kitinda mimba wa marehemu mzee Kibii na marehemu mama Cheptoo, na kaka yake mkubwa, Mzee Kipkemei, ndiye huyu ameketi hapa mbele na fimbo yake. Mzee Kipkemei anatuambia kwamba akiwa na miaka tisa marehemu aliifungua pampu ya kunyunyizia viazi dawa, akaipanga vipande vipande juu ya gunia, akachapwa, kisha akairudisha yote na ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, lakini hakuna aliyemrudishia viboko vyake.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1976, alipofanya mtihani wa CPE na kupata alama ambazo familia imekubaliana zibaki ndani ya familia. Januari 1977 alijiunga na chuo cha ufundi kule Molo, akasomea makanika hadi Desemba 1979, na huko hakuna aliyemshinda, hata walimu walikuwa wakimwita asikilize pikipiki zao.

Tarehe 4 Februari 1980 aliajiriwa katika gereji ya Mzee Makhanu, Industrial Area, Nakuru, akafanya kazi hapo miaka kumi na saba, na Machi 1997 akafungua gereji yake mwenyewe huko huko Nakuru, mtaa wa Free Area, ile yenye geti la kijani ambalo wengi wenu mnalijua. Ni wakati ule ule ambapo van za Kijapani zilianza kuingia kwa wingi, za mikate, za maziwa, za maua, na zilikuja na kitu ambacho mafundi wengi walikiogopa kama nyoka, yaani zile sensa zilizofungwa kwenye bomba la ekzosi. Marehemu hakukiogopa, alikaa nacho chini akakielewa, na aliwaelezea wateja kwa maneno ambayo hata mimi mwenye duka la mbegu niliyashika, kwamba ile sensa ni pua ya gari, inanusa moshi unaotoka, inaambia kompyuta ya injini kama mafuta yamezidi au yamepungua, na kompyuta inarekebisha, kwa hivyo ukikata waya wake gari itatembea, ndiyo, lakini itakuwa inakunywa mafuta bila kujua, plagi zinakuwa nyeusi, chujio la moshi linaziba, na siku moja mlimani gari inakosa nguvu kabisa na wewe unaanza kulaumu mchawi.

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuruke. Kabla ya kuilaumu sensa alikagua bomba lote kama lina tundu, kwa sababu hewa ya nje ikiingia pale sensa inadanganywa na haina kosa, na kama ni kuifungua aliwasha injini kwanza bomba lipate joto kidogo ndipo atie spana, la sivyo uzi wa nati unaharibika, na ile ncha ya sensa hakuigusa kwa mkono wenye grisi wala kuiosha kwa petroli kama wanavyofanya wengine. Lakini kabla ya hayo yote, kabla hata ya kutoa ile mashine ndogo ya kusoma makosa, alichukua kitambaa cheupe, akakishika nyuma ya ekzosi injini ikinguruma, akahesabu polepole hadi ishirini, akakitazama. Kikitoka na masizi meusi alijua mafuta yamezidi, kikitoka na unyevu tu alitabasamu. Vitambaa hivyo Wangeci alivifua kila Jumamosi miaka ishirini na mitano, na amenituma niseme kwamba vingine havikutakata kamwe.

Tukifika kwenye ndoa, mimi ni shahidi. Juni 1999 dadangu Wangeci alikuwa akiendesha van ya kupeleka mikate madukani, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na fundi mmoja mjini akamsaidia kwa kubandika kipande cha tepu nyeusi juu ya ile taa ili isimsumbue macho. Alipofika Free Area kwa shida ya mafuta kuisha haraka, marehemu aliibandua ile tepu kwa ukucha, akaitazama taa, akamtazama Wangeci, akamwuliza kwa upole kama mtoto akilia nyumbani kwao huwa wanamziba mdomo. Wangeci alikasirika, halafu akacheka, halafu akarudi na ile van mara nne mwezi huo huo, na mimi nyumbani nikashangaa ni gari gani hii inaugua hivi, kumbe gari ilikuwa imeshapona zamani. Walifunga ndoa kanisani Free Area tarehe 12 Agosti 2000, marehemu akiwa na miaka thelathini na saba, wakati mama Cheptoo alikuwa ameshakata tamaa ya kuona mkamwana. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jepleting aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2001, na Jeff Nderitu aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2006.

Familia haikutaka historia hii iwe ya kumpaka mtu mafuta, na marehemu mwenyewe aliagiza jambo hili lisomwe. Mnamo Novemba 2010, Bwana Kigen, ambaye yuko hapa na ndiye alikuwa akibeba maziwa ya wakulima wa upande huu, alimsihi amkatie waya wa sensa kwa sababu taa ilikuwa imewaka na hakuwa na siku ya kupoteza, na marehemu, kwa kumwonea haya rafiki, akakata. Wiki ya pili van iligoma kwenye mlima ikiwa na maziwa ya wakulima kumi na wanne, jua likawaka, yote yakaharibika. Kigen alisema kosa ni lake, lakini marehemu hakukubali, akapanda huku juu, akaenda boma moja baada ya lingine, maboma kumi na manne kwa miguu, akivua kofia mlangoni na kusema yeye ndiye aliyekata waya. Aliporudi Nakuru alichukua rangi nyekundu akaandika ukutani kwa mkono wake, HAPA TAA HAIFUNIKWI, na van ya Kigen akaitunza kama mtoto wake tangu siku hiyo hadi alipolazwa.

Kuhusu ugonjwa, lazima niseme ukweli kwamba yeye mwenyewe alifunika taa yake. Mwaka wa 2018 wote alikuwa akishika kifua akipanda ngazi za kanisa na kusema ni gesi tu, mpaka Januari 2019 Wangeci alipomwambia mbele yetu sote mezani kwamba Baba Jepleting, hiyo tepu umejibandikia kifuani kesho naibandua mimi. Walienda hospitali asubuhi yake, ikaonekana moyo umechoka, akaanza dawa, na daktari akasema wangekawia miezi michache tungekuwa tunaongea mengine. Kwa hivyo tulipewa karibu miaka saba ya nyongeza, na haki ya Mungu, mzee aliila yote, alicheka, alikula viazi vyake, na alimfundisha Jepleting kazi.

Jepleting alikuwa amemaliza chuo mwaka wa 2022 na mikono yake ni myepesi, marehemu alisema waziwazi kwamba kwa kuielewa sensa msichana amempita. Kitu kimoja tu ndicho kilimnyima marehemu usingizi, na alikisema hata akiwa na mpira wa oksijeni puani, kwamba Jepleting kazi anaijua lakini anaogopa watu wazima. Machi 2024, baba akiwa kliniki, mzee mmoja mteja alimfokea Jepleting kuwa msichana mdogo hawezi kumfundisha gari yake, anataka waya ukatwe, na Jepleting akakata huku machozi yakimtoka, chini ya yale maandishi mekundu. Marehemu aliporudi hakumgombeza, na Jepleting ananiambia angeona afadhali achapwe. Tangu hapo swali la marehemu lilikuwa lile lile kwa kila aliyemtembelea, je, siku mimi sipo na wazee wamemzunguka wakimharakisha, huyu mtoto ataweza kusema hapana?

Marehemu alilazwa tarehe 28 Septemba 2025 katika hospitali moja kule Nakuru, na akatuacha Alhamisi tarehe 9 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na miwili, Wangeci akiwa amemshika mkono. Aliuliza swali lake mara ya mwisho jioni iliyotangulia.

Karatasi niliyopewa ilikuwa inaishia hapo. Haya yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu nikiwa ndani ya gari, mtaniwia radhi nikisoma vibaya, mwandiko wenyewe umerukaruka.

Kama mlivyoona, Bwana Kigen alikataa katakata gari ya kukodi, akasema mwili utabebwa na van yake ile ile ya maziwa, akaiosha siku mbili, na Jepleting akaomba amwendeshe babake mwenyewe. Tulitoka Nakuru saa moja asubuhi, Njoro, Elburgon, Molo, yote shwari, tukaacha lami, na kilomita tatu kutoka hapa, kwenye mteremko kabla ya daraja la mbao, jiwe likagonga chini ya van na taa ya injini ikawaka. Jepleting akasimama.

Nyinyi mnajua desturi, gari yenye mwili haisimamishwi njiani mpaka ifike boma, na wazee walishuka kwenye magari yao wakiwa wamekasirika kweli. Mzee Kipkemei alimwambia hii ni aibu, babako haachwi barabarani, taa ni taa tu, nyumbani ni hapo, twende. Wengine wakasema wingu la mvua limefunga, Mchungaji anangoja, wewe mtoto endesha. Hata Kigen mwenye gari alisema basi twende, ataangalia kesho. Na mimi, nakiri mbele yenu, mimi pia nilimwambia Jepleting, mama, twende tu.

Jepleting aliuachia usukani akashuka, injini bado ikinguruma, nikajua ameshindwa. Halafu akamwambia Mzee Kipkemei, kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba baba mkubwa naomba msamaha, lakini hapana. Akazunguka nyuma ya van, akatoa kile kitambaa cheupe alichokuwa akilia nacho tangu mochari, akakishika kwenye ekzosi, akahesabu hadi ishirini kwa sauti, na sisi wote, wazee na fimbo zetu, tukajikuta tukimsikiliza akihesabu. Kikatoka cheusi. Akazima injini, akatandika gunia, akaingia chini na nguo yake ya matanga, akakuta jiwe limeng'oa waya wa sensa kwenye kishikio chake na umelalia bomba la moto, ganda limeanza kuyeyuka na sensa inadanganya kompyuta, na alitueleza kwamba huo waya ungeshikana na chuma fyuzi ingeungua, injini ingezimika kwenye kile kilima cha matope baada ya daraja, na tungemsukuma baba kwa mabega. Hakukata chochote. Aliuvuta waya mbali na moto, akaufunga tepu, akauning'iniza juu kwa kipande cha waya alichochomoa kwenye shada la maua ya mamake, akawasha injini, akaiacha ingurume, akakunja kitambaa upande ulio safi na kuhesabu tena.

Mzee Kipkemei ndiye aliyekipokea na kukitazama. Kilikuwa na unyevu tu. Alikikunja mara nne, akakitia mfuko wa koti, na hajakirudisha mpaka sasa, na tulipopanda magari ni yeye aliyewaamuru wengine wakae nyuma ya msichana na wasimharakishe.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliobembeleza moyo wake miaka saba, majirani wa Free Area waliotulisha wiki nzima, mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo, Mzee Makhanu aliyempa spana ya kwanza, Bwana Kigen kwa gari, na nyinyi wa Keringet mliochimba, mliopika na mliotungoja kwenye baridi. Gereji ya geti la kijani itafunguliwa Jumatatu saa mbili, na fundi ni yule.

Baba Jepleting, swali lako la hospitali limejibiwa leo kabla ya daraja, nawe ulikuwepo. Amesema hapana. Sasa pumzika, shemeji yangu, lala kwa amani.