Gari Nyuma ya Ukuta wa Sumaku

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa hospitali yetu,

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa chumba cha sumaku tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti hicho tumekuchagulia kwa makusudi. Kinadidimia, ni laini, na kuinuka humo si kazi ndogo.

TULIKOTOKA
Zamani mashine yetu ya sumaku, yaani MRI, ilipiga picha tu, ikaonyesha umbo la ubongo. Mwaka jana tulianza kupima pia kemikali zilizomo, tukachora ramani ya sehemu zinazofanya kazi vizuri na zilizozorota. Ni kama kusimama nje ya jikoni ukajua, kwa harufu tu, ni chungu kipi kinachoungua.

MAFANIKIO
Tumeshapima wagonjwa thelathini na mmoja. Daktari wa upasuaji, ambaye husifu kwa nadra, alisema, "Si haba." Tumeyabandika maneno hayo ukutani.

CHANGAMOTO
Kipimo hiki kinataka dakika arobaini za utulivu. Chuma kikubwa kikisogea karibu, vipimo vyote huvurugika. Maegesho yako, Mheshimiwa, yako nyuma ya ukuta wetu. Gari likitulia halina neno. Ila dereva wako ni mchapakazi: kila mara hulisogeza kufuata kivuli.

Tuna mgonjwa, fundi cherehani, mama wa watoto wanne. Kifafa kimeshamwangusha juu ya cherehani yake. Atapasuliwa keshokutwa, na daktari hathubutu kushika kisu kabla hajajua sehemu yenye kasoro. Tumempima mara tatu, na mara zote gari likahamia kivulini. Juzi alituuliza, "Jamani, na hilo gari linaumwa nini?" Tuliona aibu.

MAOMBI
Tunaomba maegesho yahamie upande wa mapokezi.

Tunaomba pia radhi. Yule fundi cherehani yumo ndani ya mashine sasa hivi. Risala hii ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nyuma yake tumeambatisha shukrani za kurasa saba, zikiwemo za vitasa na mapazia, nazo tutazisoma zote, polepole. Dereva tumemkalisha safu ya mbele na chai ya moto. Akianza kuchungulia dirishani, tafadhali, Mheshimiwa, mwambie neno moja tu: kaa. Sisi tumeshamwambia, lakini hasikii.

Mungu akuzidishie afya, subira, na wageni wasiokuwa na haraka.

Ni sisi wako watiifu,
Wafanyakazi wa Chumba cha Sumaku