Kilichokuwa Ndani ya Sufuria ya Mwalimu Peres

Leo ni Ijumaa, tarehe thelathini na moja Julai, siku ya kufunga muhula, na kabla sijasema neno jingine naapa mbele yenu kwamba nitaeleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu Bi. Wanjugu, Bwana Mungai mwenyekiti wa wazazi, walimu wangu, ndugu wageni waalikwa mliotembea kutoka hapa Kinoo na nyinyi mlioomba ruhusa kazini huko mjini ili mfike, wanafunzi wenzangu, na wewe Mwalimu Peres ambaye leo tunakuaga: hamjambo?

Mimi ni Ivyne Oduor, katibu wa Chama cha Sayansi, ambacho chumba chake kimefungwa kwa kufuli tangu Juni. Nimeombwa kumshukuru Mwalimu Peres kwa niaba ya wanafunzi. Jana Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akaniambia kwa upole, "Ivyne, sema mazuri, mpe zawadi, ukae chini. Na yule mnyama usimtaje." Mwalimu Mkuu, nakuheshimu, na ni wewe uliyenifundisha kuandika insha. Lakini jana jioni nilijaribu kuandika sifa za Mwalimu Peres bila kumtaja yule mnyama, nikashindwa. Ni kama kumsifu fundi cherehani bila kutaja nguo. Nitamtaja.

Asubuhi moja mwezi wa Juni, mwenzetu Cate alikuwa akija shuleni kwa miguu kando ya Waiyaki Way, akaona mnyama mdogo aliyegongwa na gari. Alikuwa mweusi, mwenye mistari myeupe kutoka kichwani hadi mkiani, na mkia wenye manyoya mengi. Wengine wangeziba pua na kupita. Cate aliokota gunia la saruji, akamtia ndani, akamleta darasani.

"Niaje, kujeni muone kitu," alituambia. "Lakini mtu asipige nduru."

Alipofungua gunia, hakuna aliyepiga nduru, kwa sababu hakuna aliyeweza kuvuta pumzi. "Woi, Cate!" alisema Wavinya. "Hiyo umetoa kwa choo ya nani?"

"Ni paka," akasema Cate.

"Paka gani ananuka hivyo? Ni skanki, nimemwona kwa katuni."

Mimi nikasema ni nguchiro, na nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu nilikuwa na hakika. Hapo ndipo Mwalimu Peres alipoingia, akasimama mlangoni, akatutazama. "Kuna mtu amekufa humu," alisema, "ama mmeanza kupika chakula cha mchana mapema?"

Ndugu wageni, mwalimu mwingine angetufukuza. Huyu alifungua madirisha, akatugawia glavu, akasema maneno anayotuambia siku zote: "Msiniambie anaitwaje. Niambieni ni wa kwa nani." Hiyo ndiyo desturi yake. Katika somo lake mtu hatamki jina la mnyama kabla ya kutafuta jamaa zake, na jamaa hawatafutwi kwa rangi wala kwa harufu. Tulianza na miguu. Paka ana vidole vinne katika mguu wa nyuma. Huyu alikuwa na vitano. Cate akavihesabu tena. Tukafungua mdomo. Nyuma ya lile jino kubwa la kukatia nyama, nguchiro ana magego mawili kila upande wa taya la juu; huyu alikuwa na moja tu. Nguchiro wangu akaangukia hapo. Wavinya akaanza kucheka, akidhani ameshinda.

"Usicheke bado," Mwalimu alimwambia. "Skanki naye ana gego moja, lakini hapatikani katika bara hili. Na kuna kisa chake."

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka mingi wataalamu walimweka skanki katika familia moja na vicheche, kwa sababu wote wana mistari, wote wananuka, na meno yao yanafanana. Iliandikwa vitabuni, ikafundishwa, wanafunzi wakaikariri na kupata alama. Kisha wataalamu wakajifunza kusoma chembe za urithi, zile ambazo mama na baba humwachia mtoto, wakaona kwamba skanki aliachana na ukoo huu zamani sana na ana familia yake mwenyewe. Walifanya nini? Je, walisema kwamba vitabu vimeshachapishwa na watu wameshazoea? Hapana. Walimtoa, wakaandika upya, mbele ya ulimwengu mzima.

Mnyama wetu alikuwa kicheche, na familia yake ni kubwa kuliko familia nyingine yoyote ya wanyama walao nyama. Nyegere anayevunja mizinga ya nyuki ni ndugu yake. Fisi maji, anayeogelea mitoni, ni ndugu yake pia, ingawa sisi tulimpa jina la fisi ambaye hahusiani naye hata kidogo. Nguchiro niliyemtetea kwa sauti kubwa yuko upande wa paka na fisi. Kicheche yuko upande wa mbwa, dubu na sili. Mwalimu Peres alituchorea mti huo ubaoni. Mamilioni ya miaka iliyopita, huko kaskazini ya dunia, waliishi wawindaji wadogo wenye miili mirefu na miguu mifupi. Wazao wao walitawanyika, na kizazi baada ya kizazi wakabadilika: hawa wakapata kucha za kuchimba, wale wakapata ngozi kati ya vidole wakawa waogeleaji, wengine wakawa wembamba kiasi cha kumfuata panya ndani ya shimo lake. Na huyu wa kwetu, ambaye hana mbio wala nguvu, alibaki na tezi za harufu kali chini ya mkia, na kwa tezi hizo humsimamisha mbwa aliye mkubwa kuliko yeye mara nyingi. Sijawahi kusikia somo lililonipa moyo kuliko hilo.

Sasa nafika pale nilipoambiwa nisifike.

Tulitaka kuihifadhi mifupa yake ili wasichana watakaokuja waihesabu wenyewe. Ili mifupa iwe safi, nyama huchemshwa mpaka iachie. Tulimwomba Mama Kavindu wa jikoni sufuria kuukuu, akatupatia ile iliyokatika mkono. "Chukueni," alisema, "na msinirudishie. Hata mkiisugua mpaka Krismasi, mimi sipiki ugali kwa hiyo kitu." Tuliwasha moto nyuma ya stoo, tukavaa glavu, tukasimama kuizunguka kwa sababu upande wa moshi ulikuwa ukibadilika. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu, Mwalimu alituambia tukariri kwa pamoja tukisubiri. Tukakariri ngazi za kuainisha viumbe: milki, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Kisha tukakariri majina ya kisayansi ya jamaa zote za kicheche, ambayo ni ya Kilatini, na Wavinya akayapa mdundo, tukapiga makofi.

Nakubali kwamba kwa mtu aliyesimama ng'ambo ya ua, jambo hilo lilionekana vibaya. Mtu huyo alikuwa mzazi aliyekuja kulipa karo, na alikuwa na simu. Kabla mifupa haijapoa, sisi tulikuwa tayari kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: wasichana wenye glavu, wamezunguka sufuria inayotoa harufu mbaya, wakiimba kwa lugha isiyojulikana, na mwalimu wao katikati akikoroga.

Nimeyasoma yaliyofuata katika simu ya mama yangu. Mmoja aliandika, "Shindwe!" Mwingine akauliza, "Na mbona wamevaa glavu?" Na wewe, Bwana Mungai, ulituma sauti yako, ninaikumbuka yote: "Wazazi wenzangu, mimi sinyamazi. Tumeleta watoto wasome, sasa wanafunzwa mambo ya giza. Huyo mwalimu atuambie ni shetani gani alikuwa anapikia hapo."

Ni swali, Bwana Mungai, na swali ni jambo zuri. Lakini hukungoja jibu. Yalifanyika maombi ya kutakasa darasa letu, na sisi tuliokuwa kwenye video tulipakwa mafuta. Mimi ni Mkristo, ninaimba kwaya, na maombi sikuyakataa. Mungu aliyemuumba simba ndiye aliyemuumba kicheche, na sidhani aliyaona maombi yetu kuwa mabaya. Kilichoniuma ni kwamba tulipotoka kwenye maombi, chumba chetu kilikuwa na kufuli, mifupa ilikuwa imetupwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemuuliza Mwalimu Peres kilichokuwa ndani ya sufuria. Wiki iliyofuata akaambiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa.

Naambiwa ni mambo yaliyopita, tuyaache. Yamepita kwa nani? Mama yangu ni msaidizi wa nyumbani huko Kileleshwa. Mtoto wa nyumba hiyo anasoma katika shule ambayo Mwalimu Peres aliomba kazi, na walikuwa wamekwisha kumkubali kwa mdomo. Siku moja mwajiri wa mama alimwonyesha simu jikoni. "Mama Ivyne, huyu si yule mwalimu wenu wa mashetani? Ati anataka kuja kufunza watoto wetu." Video imetoka Kinoo ikafika Kileleshwa kabla ya mwenyewe kufika. Tangu hapo shule hiyo inamwambia Mwalimu Peres, "Tutakupigia." Hawajampigia.

Mwalimu Peres, naona unanitikisia kichwa ninyamaze. Nisamehe. Umetufundisha kwamba mnyama aliyewekwa katika familia isiyo yake hawezi kujitoa mwenyewe. Ni lazima aliyemweka huko amtoe. Wewe umewekwa mahali usipostahili, na umekaa kimya kwa heshima, ukaendelea kutufundisha kila siku hadi leo asubuhi. Ulinionyesha kwamba nimekosea kuhusu nguchiro na hukunicheka. Ulimngoja Cate ahesabu vidole mara ya pili na ya tatu hadi akaridhika mwenyewe. Zawadi yetu imo katika kifurushi hiki, ni kanga na kikombe, lakini sisi wasichana tunajua kwamba haitoshi, na haiwezi kuwa ndiyo kwaheri yako.

Bwana Mungai, nimeambiwa na watu wazima kwamba mtoto hamwulizi mzee swali mbele ya watu. Nakuheshimu kama baba. Bila wewe shule hii isingekuwa na tangi la maji, na mwaka ule wa ukame ni wewe uliyesimama mbele ya bodi mpaka likanunuliwa, ukasema hutakaa chini watoto wakiwa na kiu. Sisi tulikuwa madirishani tukikusikia. Ndiyo maana sikuogopi. Mtu aliyekataa kukaa chini kwa ajili ya maji anaweza kusimama tena kwa ajili ya ukweli, na kundi lile la wazazi ni lako. Neno lako likiwa humo, litafika Kileleshwa upesi kama video ilivyofika.

Sitaki mtu aaibishwe. Sitaki hata kufuli liondolewe leo, ingawa nalitamani. Ninaomba sentensi moja tu, kwamba ndani ya sufuria ile mlikuwa na mifupa ya kicheche, na kwamba mwalimu alikuwa akifundisha. Ukitaka kuhakikisha, Cate yuko hapa, Wavinya yuko hapa, Mama Kavindu yuko pale mlangoni na aproni yake. Tuulize sote, mmoja mmoja, tutakujibu.

Waheshimiwa, walimu, wazazi, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu hadi hapa, hata nyinyi mliokunja uso. Mwalimu Peres, asante kwa kila kitu.

Nabaki nimesimama kwa sababu nasubiri jibu. Bwana Mungai, simu iko mkononi mwako: je, utawaandikia wazazi sentensi hiyo sasa hivi, Mwalimu Peres akiwa bado amekaa hapa?