Mabomu Nje ya Lango

Heri ya mwaka mpya wetu wa Kigujarati, wasikilizaji wapendwa. Wauza chumvi wameshapita mlangoni kwenu? Kama mmenunua chumvi yenu ya baraka, kaeni. Kama hamjanunua, kaeni vilevile, watarudi. Kipindi cha asubuhi hii ni cha mtu mmoja tu. Ni cha Kanchanben Trambaklal Gajjar, wa pol ya Ambli, mtaa wenye lango lake, hapa hapa Ahmedabad, mji wa zamani. Watu walimwita Kanchan Ba. Ba, yaani mama. Hata waliomchukia walimwita Ba, na waliomchukia hawakuwa haba.

Kanchan Ba ametutoka siku chache kabla ya Diwali. Ndiye mwanamke aliyeyatoa mabomu ya Diwali, zile fataki za mshindo, nje ya lango la pol yake. Narudia, kwa aliyechelewa kuwasha redio: Kanchan Ba wa pol ya Ambli amefariki, na ndiye aliyeyatoa mabomu nje ya lango.

Najua simu zitaanza kulia. Mtasema, Diwali bila bomu ni harusi bila ngoma. Pigeni simu, hazinitishi. Lakini kwanza nisikilizeni.

Kanchan Ba aliletwa pol ya Ambli akiwa bibi harusi, mwembamba, macho chini, hasemi. Wifi yake Pushpa alipenda kuwachekesha wageni kwa hadithi hiyo. "Tulidhani tumeletewa bubu," alisema. "Mwaka wa pili bubu akafungua mdomo. Mpaka leo hajaufunga."

Mume wake, Trambaklal, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Alifanya kazi chumba cha kuchambulia pamba, kule ambako vumbi huelea hewani kutwa nzima. Kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, lakini vumbi lilibaki kifuani mwa Trambaklal. Akipanda ngazi, alipumzika katikati. Akicheka, aliishia kukohoa. Na alipenda kucheka, masikini.

Sasa, pol zetu mnazijua. Lango moja, njia nyembamba, nyumba za mbao zimebanana bega kwa bega, na katikati kiwanja kidogo chenye mnara wa kulishia ndege. Kwenye kiwanja hicho ndiko wanaume wa pol ya Ambli walikolipulia mabomu ya kamba. Bomu moja likilia, sahani hucheza kabatini. Na moshi utakwenda wapi? Utaingia madirishani. Utaingia kifuani kwa Trambaklal.

Kwa hiyo kila Diwali Kanchan Ba alimhamisha mumewe. Walikwenda kwa kaka yake, kijijini, na kitanda na dawa na blanketi. Watu wote wanarudi nyumbani kwa Diwali, wao wanatoka. Trambaklal alikuwa akiangalia mlango wake ukifungwa, haoni hata taa moja ikiwaka kwenye baraza yake.

Mwaka mmoja Kanchan Ba alichoka. Alikwenda kwenye mkutano wa kamati ya pol, akakaa mbele, kwenye viti vya wanaume. Mwenyekiti alikuwa Dhanvantbhai, muuza vyombo vya shaba, mtu wa sauti kubwa na tumbo la kuitosha sauti hiyo.

"Mabomu yahamie nje ya lango," Kanchan Ba alisema. "Kule kwenye uwanja wa kando ya mto. Cheche za watoto zibaki, taa zibaki, mabomu yatoke."

"Shemeji," Dhanvantbhai akacheka, "Diwali ni mara moja kwa mwaka."

"Na pumzi je, shemeji? Nayo ni mara moja kwa mwaka?"

Watu wakacheka. Dhanvantbhai hakucheka. "Babu zetu walilipua hapa," akasema. "Mgonjwa mmoja hawezi kuzima sherehe ya pol nzima. Si mna kijiji cha kwenda?"

"Mgonjwa ana nyumba hapa! Bomu halina nyumba hapa. Asiye na nyumba ndiye atoke!"

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mabomu yalibaki. Na Kanchan Ba, kwa ukaidi, mwaka ule hakuhama. Alifunga madirisha, akaziba nyufa kwa matambara yaliyoloweshwa maji. Haikusaidia. Taa za Diwali hazijawaka hata nusu saa, midomo ya Trambaklal ikageuka rangi.

Gari la wagonjwa halipiti kwenye pol. Mwanawe, Nimesh, na majirani wawili walimbeba kwenye kiti. Wasikilizaji wapendwa, walimbeba katikati ya mabomu. Kanchan Ba alitangulia mbele akipunga upindo wa sari yake na kupiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni apite!" Waliokuwa karibu walingoja. Wa mbali hawakusikia, au walijitia hamnazo. Bomu likalia hatua chache kutoka kwenye kiti, wabebaji wakaruka, kiti kikaanguka upande mmoja, na Trambaklal akaanguka nacho.

Hakufa. Alilazwa. Diwali ile aliimaliza kwenye korido ya hospitali. Nimesh aliniambia maneno ambayo baba yake alimwambia mama yake pale, sauti ikitoka kwa shida: "Kanchan, mwakani usinihamishe, wala usinibebe. Nataka nikae kwenye baraza yangu niwashe taa yangu. Mara moja tu."

Kanchan Ba akamjibu, "Utakaa."

Hapo ndipo palipoanza yote. Hakuwa anatafuta sifa, hakuwa adui wa sherehe, kama walivyomsema. Alikuwa amemwahidi mumewe baraza yake mwenyewe.

Mwaka ukazunguka. Ikafika Kali Chaudas, siku ya kuamkia Diwali. Nyote mnajua kazi ya wanawake jioni ile. Unakaanga bajia, unazipeleka kwenye njia panda, unaziweka chini, unazizungushia duara la maji. Ugomvi wa nyumba yako wa mwaka mzima unauacha pale. Kisha unageuka unakwenda zako, na hutazami nyuma. Ukitazama nyuma, ugomvi unakufuata nyumbani. Na ole wake atakayevuka duara lile au kugusa bajia zile. Ataubeba yeye.

Miaka yote wanawake wa Ambli walizipeleka kwenye njia panda ya barabara kubwa, nje ya lango. Mwaka ule Kanchan Ba alipita mlango kwa mlango na sinia lake.

"Jamani, kwani kiwanjani si njia panda?" aliwauliza. "Vichochoro vinne vinakutana pale. Mnataka nini tena, taa za barabarani?"

Wengine walikuwa na watoto wenye vifua. Wengine walikuwa na nyumba za mbao na hofu ya moto. Wengine, tuseme ukweli, walitaka tu kuwaona waume zao wakishindwa. Wakaja. Sinia baada ya sinia, duara baada ya duara, kiwanja chote kikajaa bajia. Wakageuka, wakaenda, hakuna aliyetazama nyuma.

Isipokuwa mmoja. Kanchan Ba aliweka bajia zake katikati kabisa, akavuta kigoda, akakaa akizitazama.

Pushpa alishika kichwa. "Wee Kanchan! Umetazama! Ugomvi utarudi nao nyumbani!"

"Uje. Mimi na ugomvi tunajuana. Nimelala naye, nimeamka naye. Atanifanya nini?"

Mnajua vilevile kwamba kwa kawaida mbwa huzila bajia hizo kabla ya kupambazuka. Mwaka ule hawakuzila. Kanchan Ba alikaa na fimbo usiku kucha, na kesho yake mchana kutwa, akiwafukuza. "Toka! Ugomvi wa watu huo, utavimbiwa!" Falguni, mke wa Nimesh, alimletea chai na kumshikia zamu alipokwenda kujisaidia. Naye Falguni, ilimbidi atazame. Akatazama.

Jioni ya Diwali wanaume wakatoka na maboksi yao ya mabomu. Wakafika kiwanjani. Wakasimama.

"Zoa hizo bajia," Dhanvantbhai akamwambia mmoja.

"Mimi? Mke wangu mjamzito! Zoa wewe, mwenyekiti ni wewe."

"Mwite mfagiaji."

"Mfagiaji amesema hata umpe duka lako lote."

Dhanvantbhai alinyanyua mguu ili avuke. Mkewe, Manoramaben, alikuwa dirishani juu. Akasema neno moja tu: "Thubutu."

Mguu ukarudi. Ugomvi wa pol nzima, jamani, nani aupeleke kwake? Na yule mtu alikuwa na wakwe wawili ndani ya nyumba.

Wakayabeba maboksi hadi nje ya lango, kwenye uwanja wa kando ya mto. Wakalipua huko mpaka wakachoka, na baadaye walikiri kuwa huko bomu linalia vizuri zaidi. Na ndani ya pol, Trambaklal Gajjar aliketi kwenye baraza yake, shali shingoni, akawasha taa yake ya udongo kwa mkono wake mwenyewe. Kibiriti kilizimika, akawasha tena. Kanchan Ba aliiona kutoka kwenye kigoda chake. Falguni anasema ndiyo mara pekee aliyomwona mama mkwe wake akilia mbele za watu.

Trambaklal aliwasha taa hiyo Diwali kadhaa. Alifia kitandani kwake, msimu wa mvua, usingizini, hakubebwa na mtu mpaka siku ya kubebwa na watu wote. Na baada yake Kanchan Ba aliendelea. Kila Kali Chaudas, kigoda. Kila mwaka aligeuka kutazama. Aliitwa mchawi. Aliitwa adui wa dini. Akajibu, "Dini yangu inaniambia niwashe taa. Kupasua masikio ya wagonjwa mmeongeza ninyi."

Kisha akafa. Na, wasikilizaji wapendwa, hapa damu ilinichemka. Hata majivu hayajapoa, maneno yakaanza kibarazani kwa wavuta sigara. Nyumba yenye msiba haikaangi. Hilo ni kweli, ni desturi, nyumba yenye msiba haiweki karai la mafuta motoni. Bila kukaanga hakuna bajia. Bila bajia za nyumba ile hakuna wa kukaa kwenye kigoda. "Mwaka huu kiwanja ni chetu," walisema. Maboksi yakanunuliwa. Nilipewa habari hizo nikajiambia, basi, mzee wa watu amekesha na fimbo bure.

Nilikwenda mwenyewe juzi jioni, Kali Chaudas. Falguni alikuwa amekaa mlangoni, sari nyeupe, mikono mitupu. Akanionyesha kigoda ukutani. "Nifanyeje?" akaniuliza. "Nikikaanga nitamvunjia heshima. Nisipokaanga nitamvunjia heshima."

Ndipo akaja Manoramaben. Ndiyo, huyo huyo, mke wa Dhanvantbhai. Amezeeka, magoti mabovu, anashuka ngazi kwa kukaa. Alikuwa na sinia limefunikwa kitambaa, mafuta yametota.

"Nyumba yako haikaangi," akamwambia Falguni. "Yangu inakaanga. Chukua kigoda cha Ba, twende."

"Na Mzee Dhanvant atasemaje?"

"Ameshasema. Nimemwachia kitunguu amenye."

Wakatoka, na wanawake wengine wakatoka, kila mmoja na sinia. Kiwanja kikajaa. Maji yakazungushwa. Falguni akaweka kigoda katikati, palepale.

Familia ya Gajjar, Nimesh, Falguni, shangazi Pushpa, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa redioni na kutoka kwa wasikilizaji. Mungu ampumzishe mahali penye hewa safi, maana hewa aliipigania. Na ninyi mnaonisikiliza, mwenye kifua mtaani kwenu mnamjua. Mnamsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Jiulizeni Diwali hii aliipitisha wapi.

Kwa desturi, wanawake wale walipaswa kugeuka na kwenda zao bila kutazama. Wakageuka. Wakapiga hatua mbili tatu kuelekea nyumbani. Kisha Manoramaben akasimama, akashika kiuno, akageuza shingo yake ngumu, akatazama nyuma waziwazi, mumewe akimwona. Na baada yake wakatazama wote.

Jana, Diwali, mabomu yalilia nje ya lango.