Fuo Saba na Jina la Dishon Maranga

Kwa idhini ya mchungaji, wazee, na ninyi nyote mliofika hapa Muhuru Bay kutoka Awendo na Homa Bay, familia inawasomea maisha ya ndugu yetu Dishon Maranga jinsi yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo wengine walitushauri tuiruke.

Dishon alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, hapa hapa Muhuru Bay, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Zablon Maranga, mvuvi, na Mama Jedidah, ambaye ameketi nasi leo. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1993, akajulikana kwa kuchimba mashimo ya ajua, mchezo wa kete unaofanana na bao, nyuma ya darasa na kuwashinda hata walimu wake, kisha akasoma sekondari mjini Migori hadi Novemba 2004.

Tarehe 5 Februari 2007 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari huko Awendo, akipima matrekta na malori ya miwa, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia. Madereva waliopo hapa watakubali kwamba aliyebishana naye alirudishwa mwisho wa foleni, na namba ya gari lake haikusahaulika mwaka mzima.

Tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa mjini Homa Bay na Lynnet Achieng, mwalimu wa chekechea, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mellen mwaka wa 2014 na Tony mwaka wa 2017.

Tarehe 6 Aprili 2019, pamoja na rafiki yake Cephas Kerosi, mwalimu wa hesabu, alianzisha podikasti iliyoitwa Zamu Yako, ambamo kila Jumamosi mchana walizungumzia ajua, drafti, chesi na michezo mingine ya mezani inayotaka mtu apange mbinu, huku wametundika mablanketi madirishani ili kelele za matrekta zisiingie. Haikuwa kazi, ilikuwa furaha yake, na wasikilizaji walimwandikia hata kutoka ng'ambo ya mpaka.

Katika miaka hiyo Dishon alibuni mchezo wake mwenyewe, akauita Fuo Saba, ambamo wachezaji hupeleka boti za uvuvi kutoka ufuo hadi ufuo wa ziwa letu, na pembeni mwa ubao aliandika kwa mkono wake, “Kwa Baba.” Februari 2023 alimpa Cephas ubao huo, uliokuwa mmoja tu, awaonyeshe wanafunzi wake. Mwezi wa Septemba, katika maonyesho Nairobi, Cephas alitunukiwa tuzo ya mbunifu bora kwa mchezo huo huo, ukiwa umechapishwa vizuri, una jina lake, na neno “Baba” limefutwa.

Lynnet anasema mumewe hakupiga kelele. Aliisikiliza hotuba ya Cephas mara tatu, akazima simu, akasema, “Huyu nitamngoja mezani.” Jumamosi iliyofuata alimpongeza mbele ya wasikilizaji, Cephas akadhani mambo yameisha, na kwa miezi kumi na moja waliendelea kunywa chai pamoja na kucheka kwenye kipaza sauti.

Tarehe 17 Agosti 2024 Dishon alimwalika Cephas katika ukumbi wa hoteli moja Homa Bay, wacheze Fuo Saba mbele ya wasikilizaji mia moja na ishirini, huku wakirekodiwa. Alimshinda ndani ya dakika kumi na moja. Kisha akaweka kidole kwenye mraba mweusi ulio kati ya ufuo wa tatu na wa nne, akauliza, “Mwalimu, ni kwa nini boti hairuhusiwi kusimama hapa?”

Cephas alijibu, “Hiyo ni ya kuchelewesha mchezo kidogo tu.”

“Hapo ndipo boti ya baba yangu ilipozama tarehe 9 Mei 2003,” Dishon alisema. “Hatukumpata. Wewe ulimfuta mara ya pili.”

Cephas aliondoka bila kofia yake, waandaaji wa maonyesho ya Nairobi wakamnyang'anya tuzo yao baada ya wiki mbili, na kuanzia siku hiyo kila kipindi cha Zamu Yako, ambayo sasa Dishon aliiendesha peke yake, kilifunguliwa kwa swali hilo na jibu hilo, vipindi sitini na tatu mfululizo.

Januari 2025 Dishon aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu Homa Bay mara mbili kwa wiki. Mwezi wa Juni Cephas alikwenda na mkewe nyumbani kwa Dishon huko Awendo, akapiga magoti getini, na Dishon, aliyekuwa akimwona kupitia dirisha, hakuruhusu afunguliwe. Mama Jedidah alimwambia, “Mwanangu, mtu amepiga magoti juani, unataka nini tena?” Dishon akajibu, “Mama, nataka achoke.” Mama mwenyewe alibeba maji akampelekea Cephas, na mwanawe hakumsemesha siku mbili.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, baada ya kurekodi kipindi cha mwisho kitandani, kikiwa na ufunguzi ule ule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Awendo waliomlea Tony siku za hospitali, wafanyakazi wenzake wa mizani waliobeba jeneza, na wasikilizaji waliosafiri bila kutujua kwa sura. Marehemu aliagiza kwamba Bwana Cephas Kerosi, aliyeketi katika hema la tatu, asishukuriwe kwa lolote na asitie udongo kaburini. Mama ameomba agizo la pili lisitekelezwe, lakini sisi ndugu wa marehemu tumekataa.

Pumzika, Dishon, lala kwa amani, hasira yako tumeichukua sisi.