Aliyekuwa Akiudaka Mpira wa Kreli

Benchi letu la hapa mjini Ibra, Oman, liko nje ya kinyozi, na mwaka ule wa 1998 lilikuwa na wenyewe. Baada ya laasiri utatukuta mimi, na Himid tunayemwita Kepteni, maana zamani Unguja mipira yake ya kriketi ilitisha. Na Khattab Redio, asiyezimika. Na Hamoud Vidole, mdogo wetu kwa miaka miwili tu, na kwa udogo huo ndiye anayetumiminia kahawa siku zote, na vidole vyake vilivyopinda vile. Siku ile ilikuwa yake ya mwisho. Kesho mwanawe Tamima anamchukua akaishi naye Sur. Kepteni alikuwa na neno la kumwambia, sote tulilijua, lakini akaanza habari za Mmarekani mmoja, Kreli.

— Kreli huyo ni katika wa mwanzo kulipwa mshahara kwa kurusha mpira wa besiboli, zamani hiyo, miaka mia imepita. Nimesoma gazetini. Miaka kumi na moja wapigaji hawamuwezi! Kisha mkono ukafa, akaishia mlinzi wa kiwanda.

— Wamemtia jicho, yakhe, alisema Redio.

— Jicho, Marekani?

— Kwani wao macho hawana? Tena asili yake mtu wa Al Qabil, jirani zetu hapa. Nguvu zile za tende!

— Redio, muogope Mungu, nikamwambia.

— Wallahi! Na mkono wameuzika peke yake, kwa mizinga ishirini na moja!

Hamoud alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kepteni hakucheka.

Firas, kijana wa benki, alikuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa.

— Shikamooni. Samahani, babu. Huyo aliyekuwa akiidaka mipira yake, jina lake nani?

— Gazeti halikusema, Kepteni alijibu polepole. Na wakati ule walidaka mikono mitupu.

— Miaka kumi na moja? Vidole vyake je?

Tukaviangalia vidole vya Hamoud, sote. Hata Redio. Misimu sita kule Unguja Hamoud alisimama nyuma ya wapigaji akiidaka mipira ya Kepteni, na glavu hatukuwa nazo.

Kepteni akainuka, akalichukua dele la kahawa.

— Kaa, Hamoud.

— Haifai, kaka. Mdogo ni mimi.

— Kaa, nakwambia. Makofi yote nimepigiwa mimi. Ahsante, ndugu yangu. Nimechelewa miaka thelathini na tano.

Akammiminia. Kwetu aliyetosheka hutikisa finjani. Hamoud alikunywa, machozi yanamtoka, akairudisha bila kuitikisa. Kepteni akamimina tena, na tena, mpaka dele likaisha, na sisi wengine hatukupata hata tone, na alhamdulillahi.