Kazi Yake Imo Chini ya Bati: Maisha ya Baba Yetu, Fundi Kidole (1951–2023)

Ndugu zetu, majirani, na mafundi mliofunga karakana zenu leo kwa ajili yake: mimi ni binti yake wa kwanza, nami nimepewa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu. Yeye mwenyewe hakupenda hotuba ndefu, kwa hiyo nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa mpasua mbao na mkewe. Bibi alikuwa akisimulia kwamba alijifunza kutambaa kwenye vumbi la msumeno, na kwamba kumwogesha kulikuwa adhabu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza mwaka 1966. Hesabu alizimudu vizuri, insha zilimshinda. Shangazi yetu, mdogo wake, anakumbuka siku mwalimu alipomwita mbele kwa kosa la kuchezea dawati. Kumbe alikuwa amelikaza dawati lililokuwa likiyumba tangu mwaka uliotangulia. Alichapwa kwanza, akashukuriwa baadaye. Kisha alisomea useremala katika chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1969.

Januari 1970 aliajiriwa kwenye karakana ya kuunda bodi za malori, akakaa huko miaka kumi na mitatu. Mwaka 1983 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja chenye dirisha pana nyuma ya kituo cha mafuta. Hapo ndipo daktari mmoja mstaafu alipomletea gari lake la kale. Wengi hawajui kwamba magari mengi ya zamani, chini ya bati, yalisimama kwenye kiunzi cha mbao, na mbao zikioza gari zima hulegea kama kitanda kibovu. Baba alilivua gari lile bati, akatoa vipande vilivyooza kimoja kimoja, akavipanga sakafuni na kuvichonga upya. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Aliunda viunzi hamsini na vitatu. Mlango uliohitaji kusukumwa kwa zaidi ya kidole kimoja, kwake ulikuwa bado haujakamilika, na ndiyo maana mjini kote aliitwa Fundi Kidole. Kabla bati halijarudishwa, aliandika kwa penseli upande wa ndani wa mbao: tarehe, na jina hilo la utani.

Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu. Mama alimwokoa hata kazini. Gari la daktari lilipomalizika, milango haikufungika. Baba alipima tena na tena, na kila kipande kilikuwa sawasawa na kile cha zamani. Siku tatu hakula vizuri. Mama akaenda karakanani na tepu yake shingoni, akazitazama zile mbao mbovu sakafuni, akacheka.

“Baba watoto, hizi zimelegea miaka mingapi? Umepima gauni lililokwisha kutanuka! Mpime mwenye gauni.”

Mwenye gauni alikuwa mlango wenyewe, ambao bati lake halikuwa limepinda. Baba aling'oa nguzo zote nne za milango akaanza upya, safari hii kwa karatasi za vipimo alizokatiwa na mama. Daktari hakuambiwa kitu.

Mimi nilijiunga naye mwaka 2004. Alinifundisha kuchagua mbao, kuzipinda na kuziunganisha kwa gundi. Nguzo ya mlango hakunipa. “Nguzo niachie mimi, mama,” alikuwa akisema, kwa sababu milimita mbili zikipotea pale gari zima linakosa adabu. Miaka kumi na minane! Sitaficha, iliniuma. Mara moja tuligombana hadi tukala chakula cha mchana kila mtu akitazama ukuta wake.

Oktoba 2022 mikono yake ilianza kutetemeka, na mapafu yaliyovuta vumbi la mbao tangu utotoni yakachoka. Alilazwa mara mbili. Karakanani lilikuwa limebaki gari moja, na kwenye gari hilo nguzo moja, ya kushoto. Mwezi Mei alitaka apelekwe. Tukamkalisha karibu na dirisha, akanisogezea patasi yake.

“Haya. Nguzo hiyo hapo.”

Nilichonga siku tisa. Nilipofunga mlango mara ya kwanza alifumba macho, akasema, “Bado. Chini, karibu na bawaba.” Mara ya pili akasema tena, “Bado.” Nusura nimwambie achonge mwenyewe. Mara ya tatu hakusema lolote. Aliomba tu aachwe peke yake kidogo, nami nikatoka na hasira zangu, nikiamini kwamba hata hiyo haikumridhisha. Sikumuuliza, na siku za kumuuliza zikaisha.

Alifariki nyumbani siku ya Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, saa tano asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mmoja, shangazi yetu.

Jana fundi bati alikuja kulifunika gari lile la mwisho. Akaniita, “Dada, njoo usome kabla sijafunika.” Upande wa ndani wa nguzo ya kushoto palikuwa na maandishi ya penseli, herufi zikiyumbayumba:

“27 Mei 2023. Nguzo ya binti yangu. Mimi nilisikiliza tu.”

Nililia hapo hapo, fundi bati akajifanya anatafuta nyundo. Kisha nikamwambia afunike. Hakuna atakayeyasoma tena maneno hayo mpaka mbao zile zioze, na mimi nilizichagua mwenyewe. Hazitaoza leo wala kesho.

Mlango umefungika, Baba. Pumzika kwa amani.