Kipande cha Bunduki ya Kiema

Benchi letu ni mbao mbili zilizopigiliwa misumari mbele ya kinyozi, kwenye ile barabara ya vumbi inayoelekea Mutha. Kinyozi ni mimi. Saa tatu asubuhi Abdulmalik huweka birika lake la kahawa hapo, na kuanzia saa tatu na dakika moja hakuna jambo duniani lisilo na mtaalamu. Kuna Kamanda, ambaye kitambulisho chake kinasema Ndeti, aliyelinda lango la ghala moja kule Emali miaka kumi na tisa akiwa na rungu. Kuna Welda, yaani Kivuva, fundi wa kuchomelea aliyetengeneza kila geti la soko hili ambalo halifungi vizuri. Kuna Daktari, ambaye ni Mulei wa duka la dawa za mifugo. Alhamisi hiyo alikuja Kiema, na Kiema si mtu wa benchi. Yeye ni polisi wa akiba. Serikali ilimpa bunduki moja, ikampa jirani yake Nyamai nyingine, na ni hizo mbili tu tunazozitegemea tangu wezi wa mifugo waanze kuvuka mto. Alikaa, akafungua leso, akaweka kipande cha chuma kando ya kikombe changu.

KIEMA: Hii kitu imekataa kuingia.

KAMANDA: Kuingia wapi?

KIEMA: Kwa bunduki. Ni ile sehemu unasukuma mbele na nyuma. Nilitoa nikasafisha vizuri. Kurudisha, inaingia nusu inashika.

ABDULMALIK: Na bunduki yenyewe umeiacha wapi, bwana?

KIEMA: Iko nyumbani, nimefungia kwa sanduku. Na kesho mkubwa wa polisi anakuja kwa chifu kukagua. Akipata iko hivi, anaenda nayo.

Hakuna aliyecheka. Bunduki ikienda, tunabaki na moja kwa kata nzima, na sote tuna mbuzi. Kila mtu alikishika kile chuma, akakigeuza, akakipa jirani. Nilikuwa nimeacha kichwa cha mteja nusu, akaamua kuja kutazama pia na taulo lake shingoni.

KAMANDA: Mimi nitakuambia ukweli. Bunduki inajua mwenyewe. Kuna moja pale Emali, ilikuwa inakubali askari mmoja peke yake. Mwingine akishika, inakaza.

DAKTARI: Kamanda, wewe pale Emali ulikuwa na rungu.

KAMANDA: Nilikuwa naangalia. Macho hayahitaji leseni.

DAKTARI: Hapana, hii imevimba. Chuma inavimba kama ng'ombe tu. Umetoa kwa baridi ya nyumba ukaweka kwa jua, imevimba. Paka ile mafuta ya kukamulia, uache siku tatu.

KIEMA: Nimepaka hiyo. Nikapaka ya kupikia. Nikapaka mpaka ya mtoto.

DAKTARI: Uliacha siku tatu?

KIEMA: Niliacha zaidi ya tatu.

Sikutaka kuachwa nyuma, na hapa naungama. Nilisema ni maji ya kisima chetu cha kuchimba, kwa vile yana chumvi, na mashine yangu ya kunyoa imewahi kugoma kwa sababu hiyo. Kiema akanitazama kwa upole, akasema hakuiosha kwa maji. Nikarudi kwenye kahawa yangu.

KAMANDA: Basi ni Nairobi.

WELDA: Nairobi imefanya nini?

KAMANDA: Wameifunga kutoka huko. Si hata simu inafungwa usipolipa mkopo? Kiema, kuna fomu hukujaza. Wamebonyeza kitu, bunduki ikakaza.

KIEMA: Nilijaza fomu zote.

KAMANDA: Ulijaza kwa kalamu ya rangi gani?

Kiema alifikiria swali hilo kweli, na hapo nikamwonea huruma. Huyu ni mtu mzima, shemasi wa kanisa, na alikuwa anajaribu kukumbuka rangi ya kalamu. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwenye vidole kwa kulazimisha kile chuma. Welda aliinuka, akaingia karakana yake ng'ambo ya barabara, akarudi na tupa.

WELDA: Nyinyi mnaongea sana. Kitu ikikaza, unapunguza. Mlango ukikaza, unapunguza. Hii ni hivyo hivyo.

ABDULMALIK: Mali ya serikali hiyo, Kivuva.

WELDA: Napunguza unywele mmoja tu. Serikali haina macho ya kuona unywele.

ABDULMALIK: Ukishapunguza, hakuna kuongeza.

WELDA: Kiema, sema. Nipunguze ama nisipunguze?

Kiema alitazama chuma, akatazama barabara ya kwa chifu, akafuta jasho.

KIEMA: Pole pole basi.

Welda alikibana kipande kati ya magoti yake. Alikuwa amekwisha kuweka tupa juu yake alipofika Wavinya, mke wa Nyamai, akitoka kisimani na punda wake na madumu manne ya maji. Wanawake huwa hawasimami hapa kwetu, husalimia wakipita. Yeye alisimama.

WAVINYA: Hamjambo. Hiyo kitu ni Nyamai amewapea?

KIEMA: Hapana, mama Mwende. Hii ni yangu.

WAVINYA: Nimeona inafanana. Yake pia imekataa kuingia. Ako nayo jikoni tangu tumalize kupura ndengu, anasugua na msasa. Ameniambia nisiambie mtu.

Welda aliinua tupa taratibu, akaiweka chini karibu na mguu wake.

ABDULMALIK: Kiema, ulisafishia wapi bunduki hii?

KIEMA: Kwa Nyamai. Tulikaa kwa gunia moja, kila mtu na yake.

ABDULMALIK: Kisha?

KIEMA: Kisha akaanza ile hadithi ya vile nilikimbia wezi mpaka nikaacha kiatu. Mbele ya wakwe zangu. Nilikasirika, nikabeba vitu yangu nikaenda. Hatujaongea tena.

DAKTARI: Vitu yako?

KIEMA: Nilidhani ni yangu.

Abdulmalik alitoa miwani mfukoni, akakichukua kile chuma magotini mwa Welda, akakipangusa kwa kanzu. Alisoma namba iliyochongwa ubavuni, tarakimu moja moja. Kiema alitoa kadi yake ya bunduki. Namba hizo mbili hazikulingana hata kidogo.

Benchi liliangua kicheko. Daktari alimwaga kahawa kwenye suruali na hakujali. Mteja wangu mwenye nusu ya nywele alilia machozi kwenye taulo. Welda alidai kwamba alikuwa ameshashuku, ndiyo maana hakuharakisha na tupa. Kamanda ndiye aliyevimba kuliko wote.

KAMANDA: Nilisema nini? Bunduki inajua mwenyewe. Mnanidharau kwa sababu ya rungu.

Hata Kiema alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. Alisema ataenda kwa Nyamai sasa hivi wabadilishane, hata kama itabidi asikilize ile hadithi ya kiatu mara ya pili. Kesho mkaguzi atakuta kila kitu mahali pake. Sisi tuliona mambo yameisha, na nikamwita mteja arudi kitini.

Wavinya hakucheka. Alikuwa ameshika kamba ya punda, anahesabu kitu kichwani.

WAVINYA: Mlikosana lini, shemeji?

KIEMA: Jumamosi ile kabla ya sadaka ya mavuno.

WAVINYA: Hiyo ni wiki mbili na siku tano.

KIEMA: Ii. Inaweza kuwa.

WAVINYA: Jumatatu wezi walionekana ng'ambo ya mto. Nikamwambia Nyamai, Mwende asiende na mbuzi mtoni, akae nyumbani mpaka shule zifunguliwe. Akaniambia nisiogope. Akasema yake imekataa lakini ya Kiema iko sawa.

Kiema aliacha kucheka.

KIEMA: Mimi pia niliambia mke wangu hivyo. Nilimwambia ya Nyamai iko sawa.

WAVINYA: Na watoto wakaenda.

KIEMA: Wakaenda.

WAVINYA: Kila siku.

Mimi nilikuwa nimeshika mashine ya kunyoa, na nikagundua sijaiwasha. Mwanangu wa mwisho huenda na hao. Asubuhi hiyo alipotoka nilimpa viazi vitamu viwili, nikamwambia asicheze na maji, na sikufikiria jambo lingine lolote, kwa sababu tulikuwa na watu wawili wenye bunduki.

WAVINYA: Sasa nyinyi wazee, mnajua mambo mengi. Niambieni. Hizi wiki mbili watoto wetu walikuwa wanalindwa na nini?

Welda alitazama tupa yake. Daktari alipangusa suruali ambayo haingepanguswa tena. Abdulmalik alikuwa na kahawa ya kutosha watu kumi, na hakuna aliyenyoosha kikombe.

Wavinya hakungoja. Njia ya kwake ni ya mkono wa kushoto, pale penye kanisa. Alimgeuza punda na maji yake yote, akashika ya kulia, ile inayoshuka mtoni, akitembea haraka. Kiema alichukua chuma, akaanza kukimbia kuelekea kwa Nyamai. Nilimwondolea mteja taulo, nikamwambia arudi jioni, nikafunga mlango wa kinyozi na kumfuata Wavinya.